Siku Niliyoikata Kamba ya Koki ya Mama Mkwe

Mnaotaka kucheka chekeni mmalize kabisa, maana nimechoka kusikia habari hii ikisimuliwa sokoni Newala na watu ambao hata hawakuwepo, tena wanaongeza chumvi (eti nilivaa shela! shela gani?), kwa hiyo leo naisema mwenyewe. Aibu ni yangu na hasira ni zangu, mtu asinipoze.

Mimi ni mwalimu wa fasihi. Jumamosi ile kulikuwa na semina ya walimu wa Kiswahili wa Newala na Masasi, kwenye ukumbi ulio karibu na kwetu, na mimi ndiye niliyepangiwa kuchambua hadithi fupi, moja ya zamani sana, ya mwanamke aliyemuuza mbuzi wake wa maziwa ili anunue mapazia majirani wayaone, watoto wakabaki wanakunywa uji mtupu nyuma ya mapazia mazuri. Siku hiyo hiyo, alasiri, nyumbani kwetu ilikuwa arobaini ya mama mkwe wangu. Wifi yangu Mama Shaibu, dada mkubwa wa mume wangu, aliniuliza mbele ya ukoo mzima kama kweli nitakwenda semina siku ya arobaini ya mama yao, nami nikamjibu kwa kiburi changu, "Wifi, nyie shughulikeni na mchele na nyama. Maji niachieni mimi."

Maji yenyewe yalikuwa kwenye simtanki la marehemu nyuma ya nyumba, maji ya mvua aliyoyakinga mwenyewe masika. Newala mnaijua, kiangazi mtu hachezei hata kikombe: nguo tunasuuza kwenye beseni moja, maji yale yale tunapigia deki, yakibaki yanakwenda kwenye mchicha. Mama mkwe alikuwa ameifunga koki ya tanki kwa kamba ya mpira wa baiskeli, mafundo manne, ili kila anayetaka maji ahangaike kidogo na afikirie anayatakia nini.

Sasa gauni. Nina gauni jeupe, na semina iliyopita Mwalimu Grace wa Masasi (yule ambaye hata vumbi linamwogopa) aliutazama upindo wake, akasema kwa sauti, "Dada, huko Newala mnafulia chai?" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikusahau! Kwa hiyo asubuhi ile, mume wangu keshaondoka kwenda Chilangala kuwachukua wazee, nyumba tupu, nikaona mafundo manne yananichelewesha, nikachukua kisu nikaikata ile kamba, nikafungua koki mpaka mwisho nikasuuza gauni kwa maji yanayotiririka, kama wale wanawake wa kwenye video za simu. Likang'aa! Halafu nikakumbuka umeme huwa unakatika, nikalikwapua nikakimbilia ndani kulikausha kwa pasi, nikavaa, nikajitazama kwenye kioo mbele na nyuma (nyuma mara mbili), nikatokea mlango wa mbele. Koki niliiacha wazi.

Ukumbini nilichambua jamani. Nilimchambua yule mwanamke wa mapazia mpaka nikamhurumia. Nikasema ni mpumbavu, mwenye tamaa ya macho, anayewapokonya wa nyumbani kwake ili awafurahishe wapita njia. Grace alikuwa anaandika, na mimi nilikuwa nazunguka zunguka ili gauni lionekane vizuri.

Mlango ukafunguliwa. Mama Shaibu, miguu imejaa tope jekundu mpaka kwenye magoti, mkononi kashika kipande cha mpira. Akamwinamia kwanza mwenyekiti wetu, mzee mstaafu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama."

Kisha akanigeukia. "Mama Rukia, nani kaikata kamba ya mama?"

Nikajifanya napanga karatasi zangu.

"Nakuuliza! Tanki limekauka. Mchele umechambuliwa, nyama imekatwa, wanawake wamekaa na masufuria matupu. Maji ya mama yangu yote yako uani, bata wanaogelea! Ulikuwa unafua nini?"

Macho ya ukumbi mzima yalishuka kwenye gauni. Mwenyekiti akakohoa, akasema, "Basi, nadhani sehemu ya dhamira tumeielewa." Wakaangua kicheko, wengine mpaka wakalalia meza. Nilikasirika! Nilimkasirikia wifi, kwani angeniita nje angepungukiwa nini? Nikamkasirikia mzee wa watu na kikohozi chake. Na Grace, yule niliyemvalia gauni, hakucheka. Aliinuka akakusanya katoni zote za maji ya kunywa ya semina, akazibeba na wenzake mpaka kwetu. Wema wake uliniuma kuliko yale maneno ya chai.

Pilau ya arobaini ya mama mkwe wangu ilipikwa kwa maji ya chupa na vidumu vya majirani, na mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba na gauni langu nikiomba, "Shikamoo, naomba hata lita moja." Alasiri ilipofika maji ya kutawadhia hayakuwepo. Shehe akasema watatayamamu, akatafuta vumbi kavu, uani kwetu akalikosa, kote tope! Wazee wa Chilangala wakatoka mmoja mmoja kwenda kuomba vumbi kwa jirani. Newala nzima inalia maji, na mimi nikawafanya watu waombe vumbi.

Wifi hakunisema tena. Jioni, wageni wameondoka, alikaa chini karibu na tanki, akakigeuza geuza kile kipande cha mpira, akasema, "Haya yalikuwa maji yake ya mwisho. Aliyakinga anaumwa." Akakiweka pale chini akaenda zake. Afadhali angenipiga.

Tangu siku ile gauni lile sijalivaa, na hadithi ile nikiifundisha simwiti mtu mpumbavu. Mvua zilipoanza nilikinga maji, nikakiunga kile kipande cha mpira na kingine, nikaifunga koki mafundo manne. Yanalegea. Nimejaribu mara nyingi, sijui mama alikuwa anayakazaje, na wa kumuuliza nimebaki na Mama Shaibu tu.