Niliulizwa Kuhusu Mama Yangu, Nikadanganya

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitafutie kisingizio. Mimi ni mama wa watu wazima, nauza mitumba hapa Kondele. Jina niachieni.

Mama yangu hakuwa mtu wa kupiga. Ukimkosea, alinyamaza. Wiki nzima anapika, anakupakulia, lakini hakusemeshi wala hakuangalii. Nilikuwa namfuata jikoni nikilia, nikiomba hata anitukane, mradi nisikie sauti yake. Shangazi aliniambia nyanya naye alimlea hivyohivyo.

Niliapa sitakuwa kama yeye. Nikamzaa Akinyi, nikamfanyia yaleyale.

Alipokuwa mkubwa akaanza kukosa usingizi, akatafuta mshauri, mama mmoja mpole pale mjini. Akanibembeleza twende pamoja. Alisema hataki kunishtaki, anataka tu tujue hii kitu ilitoka wapi kabla na yeye hajazaa.

Nikaenda. Mshauri akaniuliza kwa heshima, "Mama, wewe ulilelewa aje?"

Ukweli ulinifika kooni. Lakini aibu jamani! Nitamwanikaje marehemu mbele ya mgeni? Nikasema nililelewa kwa upendo, huyu msichana ndiye amezoea kudeka.

Akinyi alichukua mkoba akatoka, na kwa mshauri hakurudi tena. Baadaye akaolewa Port Victoria.

Mwaka jana nilimtembelea. Mjukuu wangu, bado mdogo sana, akamwaga uji kwenye mkeka. Akinyi hakumgombeza. Alimpa mgongo, akaendelea kuosha vyombo. Mtoto akachukua kitambaa, akapanguza, akaenda kumvuta leso aliyojifunga.

"Mama, nimepanguza. Mama, ongea."

Kimya.

Nikamwambia, "Akinyi, siku ile nilidanganya. Mama yangu alinifanyia hivi."

Akajibu bila kugeuka, "Nilijua. Shangazi yako aliniambia kitambo. Nilitaka kusikia kwako, wakati bado nilikuwa nataka kupona."

Siku hizi nikipiga simu anapokea, tunaongea habari za mvua. Juzi nikaomba nisalimie mjukuu. Akasema amenuna, hataki kusema na mtu.

Wewe mzazi, mtoto wako akikuuliza ni nini kilikuumiza, mwambie siku hiyohiyo. Usingoje upate ujasiri. Mimi niliupata, na hakuna aliyekuwa anauhitaji tena.