Kuku wa Komisyo

Mwaka ule tulipokula sombe, majani ya mihogo, bila chumvi, kwa sababu ya vita treni ilikuwa haifiki tena Kindu na chumvi tulikuwa tunailamba kama dawa, njo mwaka niliopata jina langu zuri. Na jina hilo nimeliharibu mwenyewe majuzi, kwa mdomo wangu, mbele ya watu waliojaa tribinali. Nawaambia mimi kabla hamjayasikia sokoni yametiwa mafuta.

Kwanza hilo jina. Wakati ule wa vita hakimu alikuwa hapati mshahara, viatu vyake vimefungua midomo, na mimi nilikuwa na kesi ya kiwanja changu cha Mikelenge (alichoniachia marehemu mume wangu, nakilima mpaka leo). Akaja kwangu mchana, akatazama kuku wangu zaidi kuliko alivyonitazama mimi, akasema, "Mama, kesi yako ni ndefu. Kuku angeifupisha." Nikamjibu: "Kama ni njaa, kaa ule, kama ni kesi, sina kuku." Akakaa, akala sombe ile chapwa, akashukuru, na kesi nikashinda. Tangu hapo wananiita Mama Sina-Kuku, na mimi (sitaficha) nilitembea na jina hilo kama kitenge kipya.

Sasa mwaka huu jirani yangu Ramazani amesogeza ua wake ndani ya kiwanja kilekile, umemeza mistari mitatu ya mihogo yangu. Nikamshitaki. Wiki moja kabla ya kesi, avoka mmoja, wakili, akaja kwenye ofisi ya komini kutufundisha mambo ya sheria, akasema inafaa mshahara wa mahakimu upitie komisyo ya kujitegemea. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Lakini kwetu komisyo njo kile anachokata muntu aliyekutafutia mnunuzi wa mbuzi: kazi imeisha, anachukua chake. Na kujitegemea, nani hajui, ni kila mmoja ajitafutie. Basi nikaelewa kwamba sheria imegeuka, sasa hakimu anakula komisyo kwenye kila kesi, waziwazi, bila dhambi. Kuuliza? Mimi, bibi wa wajukuu kumi na mmoja, niulize neno kama mutoto wa darasa la kwanza? Sikuuliza.

Siku ya kesi nikafunga jogoo wangu miguu, na jina langu lilipoitwa nikaenda kichwa juu, nikamweka mezani juu ya makaratasi, nikasema kwa sauti ili Ramazani asikie, "Baba hakimu, komisyo yako hii. Naomba na risiti."

Jogoo akanya juu ya faili (mnisamehe, ndivyo ilivyokuwa). Ramazani akasema polepole, "Mama Sina-Kuku, kumbe unaye." Chumba kizima kikacheka, hata polisi wa mlangoni akaegemea ukuta.

Hakimu, umri wa kitinda mimba wangu, hakucheka. "Mama, unanihonga mbele ya watu?"

"Si hongo, baba. Ni komisyo. Avoka alisema."

Akajishika paji la uso. "Ile komisyo ni tume, mama. Ni watu wa pembeni, si wa serikali, si sisi mahakimu, wanaopima mshahara wetu utoshe, ili mukubwa yeyote asitushike kwa tumbo. Ili mimi nisitazame kuku wako."

Nikaviona tena vile viatu vya mwaka wa sombe. Mule ndani nani angelielewa jambo hilo kunipita mimi? Na ni mimi niliyekuja na jogoo.

Hakunifunga. Alisema tu kwamba baada ya watu kuona vile, yeye hawezi tena kuamua kesi yangu, faili litaenda kwa mwingine. Nikabeba jogoo wangu mpaka nyumbani, watoto nyuma yangu wanaimba "Mama Komisyo". Nimejifunza: neno usilolijua, liulize kabla hujamfunga kuku miguu.

Jana karani wa tribinali amekuja. Akasema faili langu limelala kwenye droo, hakimu mpya hajaliona, na huku Ramazani ameanza kuchimba mihogo. "Na wewe, mama, mambo haya si mgeni nayo," akasema, macho kwa jogoo aliyekuwa anawika palepale nyuma yangu. Nikamsogezea kiti.

"Kama ni njaa, kaa ule, kama ni kesi, sina kuku."