Malewa kwa Wakwe wa Mbale

Nikisema sina aibu nitakuwa nawadanganya, na kudanganya ndiko kulikoniponza, kwa hiyo nisikilizeni, na mkitaka kucheka chekeni, mimi mwenyewe nimeshacheka.

Vita vilikuwa vimepita, tumerudi mtaani kwetu Walukuba, nyumba haina milango (iligeuzwa kuni), na mali yetu iliyobaki ni ng'ombe mmoja wa maziwa. Ndipo watu wa Mbale wakaleta habari kwamba wanakuja kumposea kijana wao binti yangu Zaituni. Kwetu, mkwe asipoona nyama kwenye sinia anajua hatakiwi. Majirani wakasema, "Mama Zaituni, chinja huyo ng'ombe, heshima haina bei." Nikafikiri polepole: akichinjwa, tunashiba alasiri moja, akiachwa, watoto wa mtaa wanapata maziwa kila asubuhi, na kumpata mwingine ni ndoto, maana makundi ya ng'ombe yaliondoka na askari. Tena mnyama aliyetulisha njia nzima ya ukimbizi, nimlipe kisu?

Basi nikanunua malewa sokoni, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, nikayakatakata, nikayapika kwa karanga. Sikukusudia kumdanganya mtu. Ila mgeni mmoja aliposema mlangoni, "Nyama ya moshi hiyo," nikatabasamu tu, na tabasamu lile ndilo lililonizamisha.

Wamekaa mkekani, wameanza kuonja, shehe wetu akanitazama. "Mama Zaituni, amechinja nani? Mchinjaji hapa ni mimi, na hukuniita." (Lilikuwa swali la haki: miaka ile mtu hakula nyama bila kujua nani alitaja jina la Mungu wakati wa kuchinja.) Mikono yote ikasimama juu ya sinia. Zaituni, aliyekuwa akichungulia nyuma ya pazia, akafumba macho. Ningesema kweli pale pale, lakini ulimi ukateleza: "Imetoka Mbale, shehe."

"Mbale kwa nani?" akauliza Hajati, shangazi wa kijana, mama mnene mtulivu. "Maana kule anayechinja ni mume wangu."

"Kwa... Abdala."

"Abdala gani, kinyozi?"

Hajati akatafuna, akameza. "Shehe, kula bila wasiwasi. Huyu hana shingo. Anaota mlimani kwetu." Akanigeukia. "Mwenzangu, unatuletea malewa watu wa Mbale ukiyaita nyama? Na hukumwaga maji ya kwanza ya kuchemshia, ndiyo maana ni machungu."

Mkeka mzima ukacheka, mimi natafuta pa kujificha, na kwa kuwa hapakuwepo nikasema yote, kisha nikawapeleka nyuma ya nyumba wamwone ng'ombe. Hajati akampapasa ubavu.

"Ungemchinja huyu kwa ajili yetu," akasema, "ningemhurumia kijana wangu. Nani anaoa kwenye nyumba inayokula kesho yake?" Halafu, kwa sauti ya kusikika hadi pazia: "Zaituni tunamtaka."

Siku ya harusi alichinjwa mbuzi mmoja tu, na shehe mwenyewe, akakatwa vipande vidogo ili kila sahani ipate, na sufuria kubwa ya malewa alipika Hajati, hayakuwa machungu hata kidogo. Nami tangu wakati ule, mgeni wangu hanawi mikono kabla sijamwambia kilichomo chunguni, na kama ni maharage nayaita maharage. Wengine hununa kidogo. Bado hajaondoka hata mmoja.