Paja la Chui

Mlinzi wa kambi kule Matogoro bado anafunga koti lake kwa kamba ya katani, na bado anakohoa kidogo kila anapotaka kudanganya. Adela, aliyekuwa akiletwa hapa na wazazi wake kila likizo, leo amekuja na wanawe. Mzee akakohoa. "Wajukuu zangu, muachieni chui paja moja la kuku nje ya hema, asije kuwasumbua." Miaka yote ile paja lililotolewa lilikuwa la Adela, kitinda mimba. Safari hii alilipaka pilipili kichaa mpaka likawa jekundu.

Asubuhi mzee alikuja kuwajulia hali, midomo imemvimba.

"Shikamoo, babu. Chui alikula?"

"Alikula, mwanangu," akajibu bila kukohoa. "Kasema leo uongeze ndimu."