Sanda Yenye Uzi Mwekundu

Mji mzima wa Moulmein hakuna aliyemshinda Ma Hnin Yu kwa kuuza nguo za watawa wa Kibudha. Alianza na kapu kichwani, akaishia na duka. Mumewe, Ko Tha Dun, alipochukuliwa na kipindupindu, alimzika kwa kitambaa chenye kasoro: uzi mwekundu uliopotea njia pembeni. "Maiti hakagui," alisema.

Mwezi haujaisha, asubuhi moja mtawa Mzungu, U Wilatha, baharia wa zamani, akasimama mlangoni na bakuli lake la kupokelea wali. Begani, uzi mwekundu. Nyuma yake, mbwa wa marehemu. Mtawa akakohoa: mara mbili, kimya, mara moja. Kikohozi cha Ko Tha Dun.

Upawa ukamponyoka Ma Hnin Yu. "Mtukufu, nguo hiyo umeitoa wapi?"

"Makaburini, mama. Kitabu chasema mtawa avae kilichoachwa na wafu. Nikakitia rangi ya mti wa fenesi."

Jirani wa duka, Ma Pu, akaangua kicheko. "Mgeni huyu! Watu hutundika kitambaa kipya vichakani huko, watawa waokote. Yeye kafukua!"

"Sikufukua. Nilikikuta juu ya kaburi, kimekunjwa mara nne, pindo ndani."

Kicheko kikakatika. Dukani mle aliyekunja hivyo alikuwa mmoja tu, Ko Tha Dun. Kumbe marehemu amerudisha mali, na mwenye kurudisha mali hupiga hodi mpaka asikilizwe.

"Nikupe kipya, unipe hicho," Ma Hnin Yu akasema.

"Mtawa habadilishani, mama. Ukitoa, toa."

Ma Hnin Yu hakuwahi kutoa bila kupokea. Mtawa akakohoa tena. Hapo Ma Hnin Yu akafungua sanduku, akatoa kitambaa bora kuliko vyote, akamwekea mikononi. Akamimina maji ardhini polepole, akimtaja mumewe ili thawabu imfikie.

"Ko Tha Dun, ni yako. Sidai kitu."

Mbwa akainuka, akaingia dukani, akalala chini ya benchi la marehemu.

Kesho yake mtawa alikuja na nguo mpya. Hakukohoa.

"Na ile ya zamani?"

"Niliianika, mama. Asubuhi sikuiona."

Mchana Ma Hnin Yu akaenda kaburini. Udongo ulikuwa umetulia, hakuna kilichokunjwa juu yake. Ila ncha ya uzi mwekundu ilichungulia ardhini. Akaishika, akaivuta kidogo.

Ikavutwa kurudi.

Akaiachia upesi. Mali imepokewa.