Mpagazi Aliyerudi Tuta la Mwisho

Juzi nilipita mtaa wa maduka hapa Tabora, nikausikia wimbo wa mpagazi ukitoka kwenye gramafoni ya Mhindi muuza vitambaa. Wameutilia magita na kuuharakisha. Mpagazi anaondoka na pembe zake za ndovu kwenda pwani, mpenzi wake anamngoja, mpagazi anarudi mzee, yote hayo kabla mwenye duka hajamaliza kupima kitambaa. Na bado akina mama waliokuja kununua walikuwa wakifuta macho! Rafiki yangu, wimbo huu una nini? Nimesoma hadi chuo kikuu, na mpaka leo unanishinda.

Utotoni mwangu, kijijini upande wa Ntalikwa, haukuwa wimbo wa kusikiliza. Ulikuwa wa kulimia. Mvua za kwanza zikishanyesha, majirani walikusanyika leo shambani kwa huyu, kesho kwa yule, kuinua matuta ya mtama na karanga. Bibi alianzisha, wengine wakaitikia, majembe yakashuka pamoja. Udongo mbichi ulinukia. Mtungi wa togwa ulikaa kivulini, na mifukoni tulikuwa na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, vigumu kama mbao mpaka mate yavilainishe. Sharti lilikuwa moja. Ubeti wa mwisho, ambamo mpagazi anarudi na mvi, haitambui nyumba lakini anaitambua sauti ya yule mwanamke, haukuimbwa mpaka tuta la mwisho. Jua likituchwea kabla ya hapo, tulirudi nyumbani tukamwacha mpagazi njiani.

Mimi niliuliza. "Bibi, huyo mwanamke alijuaje kama mwenzake yuko hai?"

"Lima," bibi akasema.

"Na mpagazi naye, huko pwani alikaa miaka yote bila mke?"

Wanawake walicheka mpaka mstari ukavunjika. "Huyu apelekwe shule upesi," jirani yetu akasema. "Akibaki hapa atatuharibia kilimo." Nikapelekwa kweli.

Lakini kabla ya hapo nilishuhudia jambo la shangazi, mdogo wake baba. Mchumba wake alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Tanga, akaahidi kurudi, kisha habari zake zikakatika. Misimu ikapita. Ndipo akaja kuposa mshika bendera wa stesheni ya Igalula, mtu wa kucheka, mwenye mshahara na adabu. Baba alimtaka. Bibi alimtaka. Shangazi alisema atajibu baada ya kilimo, lakini siku hizo alijipaka mafuta ya ufuta na kuniuliza kama kilemba kimekaa sawa. Hata mimi mtoto nilijua jibu lilikuwa lipi.

Kwetu mposaji alipimwa kwa jembe. Alikuja kulima kwa wakwe, macho yote yakimtazama mgongoni.

"Shemeji, hilo tuta au umefukia panya?" wanawake walimtania.

"Panya wa Igalula ni wakubwa, subirini," akajibu, na jembe halikusimama.

Alilima vizuri. Jua lilipoanza kuinama, shamba likawa limekaribia kwisha, na mgeni aliyefika hadi hapo alipewa heshima ya kuanzisha wimbo. Nyimbo nyingine zilikuwepo! Wa kiboko aliyekula mpunga wa jumbe. Wa mwindaji mvivu. Mtu huyu, aliyekuja kumwomba mwanamke aache kumngoja mwingine, akachagua wimbo wa mwanamke aliyengoja. Nilitamani kumrushia kibuyu. Wala hakuna mkubwa aliyeona ubaya wowote. Ulikuwa wimbo mzuri kuliko zote, na mgeni alitaka kutoa kilicho bora.

Tena alikuwa na sauti, ewe! Tulipofika tuta la mwisho na mpagazi akaitambua ile sauti, hata baba alitugeuzia mgongo afute macho. Shangazi aliacha kulima. Jioni alimwambia bibi, "Mama, mwambieni hapana. Nangoja."

Mtu wa mkonge hakurudi. Yule wa Igalula alioa kwingine, ana watoto wazuri. Bibi amekwisha kufa, na siku hizi wenye mashamba wanaajiri vibarua, nao hulima kimya, kila mtu kivyake, wakiwahi kumaliza.

Mwaka jana nikiwa likizo nilimkuta shangazi akimenya muhogo peke yake, nikashindwa kujizuia. "Shikamoo, shangazi. Hivi ulimpenda yupi?"

"Marahaba. Wa Igalula," akasema bila kuinua macho. "Yule wa mkonge hata sura yake nilikuwa nimeshaisahau."

"Sasa ulimkatalia nini?" Nilikaribia kupiga kelele.

"Hukumsikia alivyoimba? Alimpenda yule mwanamke wa wimboni, aliyengoja. Ningemfuata, angeniimbia wimbo ule maisha yangu yote, nami nikijua kwamba sikungoja."

"Shangazi, ulikuwa wimbo tu! Angeweza kuimba wa kiboko!"

"Angeimba wa kiboko," akasema, akiutupa muhogo sufuriani, "ningekuwa Igalula leo."

Nje, shamba ambalo watu wote wale walililima kwa sauti moja limeota vichaka, na hakuna aliyebaki wa kulilima naye. Akanisogezea kisu, tukamenya.