Mama Mkwe Kwenye Mashua ya Anaclet

Mwanaume aliyelelewa vizuri hapa kwetu hamkazii macho mama mkwe wake, hampigii kelele, na kumgusa ndiyo usiseme kabisa. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa yake, Anaclet wa Nguba, mtaa wa hapa Bukavu, alikuwa amezishika sheria hizo tatu bila kukosa hata siku moja. Alizivunja zote Jumamosi moja, kabla ya saa sita mchana, mbele ya wamama kumi na wawili wa parokia.

Anaclet ni seremala. Alichoka kutengeneza vitanda, akaunda mashua tatu ndogo za tanga, akawatafuta wenzake wawili wa kumsaidia kuziendesha, akaanza kutangaza kwamba anazungusha watu kwenye vile visiwa vidogo vya mawe ziwani, kati yetu na Rwanda. Bukavu nzima ilimcheka. Mtu mwenye akili, walisema, ananunua injini. Mama mkwe wake, Maman Emérence, hakupoteza muda kucheka. Alimwomba mpwa wake Didier amtafutie Anaclet kazi ya ulinzi kwenye geti la shirika moja, kazi ikapatikana, na Didier alikuwa akingoja Maman Emérence amjibu Jumatatu. Lakini kwa kuwa Maman Emérence ni mtu wa haki, alisema kwanza ataiona hiyo kazi ya tanga kwa macho yake, pamoja na kikundi cha parokia anachokiongoza. Ikimpendeza, sawa. Isipompendeza, binti yake aanze kupiga pasi sare ya mlinzi. Anaclet hakulala vizuri wiki nzima. Aliipenda kazi ile kuliko alivyothubutu kumwambia mtu yeyote, hata mkewe.

Safari ilipangwa ianze saa mbili asubuhi. Saa tatu wamama walikuwa bado ufukweni wakichagua komite, maana kwetu hapa watu watano hawavuki hata barabara bila komite. Rais, yaani Maman Emérence mwenyewe, alikuwepo tayari, lakini walitakiwa makamu, katibu, mshauri wa kwanza, mshauri wa pili, na mtu wa protokoli kwa kila mashua. Zikapakiwa sufuria za sombe ya majani ya muhogo, bugali, kuku wa kukaanga na kreti ya soda. Kisha protokoli akawapanga watu kwa vyeo vyao, na katikati ya mashua ya Anaclet akaweka kiti cha plastiki chenye mikono, kilichotandikwa kitambaa cheupe, kwa ajili ya rais. Kiti kilikaa palepale ambapo mti unaoshika tanga kwa chini hupita kwa nguvu kila mashua inapogeuka.

Anaclet aliona. Angesema nini? Mkwe hampangii mama mkwe mahali pa kukaa. Alivitazama vidole vyake vya miguu, akakohoa, akamwita pembeni Maman Charlène, katibu.

"Maman secrétaire, tafazali, umuambie maman présidente: nikisema tunageuka, ainame mbio."

"Usikuwe na wasiwasi, capitaine. Ile ndiyo kazi yangu."

Upepo ulikuwa mzuri. Tanga likajaa, wamama wakaanza wimbo, mashua nyingine mbili zikafuata nyuma, na kisiwa cha kwanza kikapita kando na ndege wake weupe. Maman Emérence alikaa wima kwenye kiti chake, na Anaclet aliona kidole chake kikifuata mdundo wa wimbo. Furaha ilimjaa mpaka akasahau Jumatatu. Ndipo ilipofika saa ya kugeuka.

"Maman secrétaire! Tunageuka! Umuambie ainame!"

Maman Charlène tangu azaliwe hajawahi kufikisha ujumbe bila utangulizi. Alisimama, akatengeneza sauti.

"Maman présidente wetu mupendwa, nanyi bamaman ya comité, capitaine anabasalimia, na anaomba, kwa heshima yote..."

Mti ukapita. Haukugusa kichwa cha rais, ila ulikichukua kitambaa chake cha kichwani na kukitupa ziwani, na mvi za Maman Emérence zikabaki wazi mbele ya mkwe wake.

Anaclet alifanya kile ambacho kila mtoto mwenye adabu angefanya. Alifumba macho. Mkono ulikuwa kwenye usukani, mashua ilikuwa inakimbia, na jiwe la kisiwa cha pili lilikuwa mbele yao.

"Capitaine amefunga macho!" Charlène alipiga kelele, safari hii bila utangulizi.

Maman Emérence naye ana adabu zake. Hamsemeshi mkwe moja kwa moja. "Umuambie aende upande ya Rwanda!"

"Capitaine, maman présidente anasema, kwa..."

"Charlène, nyamaza! Wewe Anaclet! Upande ya Rwanda! Vuta tena! Tena! Sasa nyoosha!"

Kabla ya hapo Maman Emérence hakuwahi kumwita kwa jina lake. Anaclet alitii, macho yamefumbwa, na jiwe likapita karibu hivi kwamba mshauri wa pili angeweza kuliegemea. Mara akasikia tanga likipigapiga, akajua mti unarudi. Hapo hapakuwa tena na nafasi ya katibu. Akafumbua macho, akamtazama mama mkwe wake usoni, akapaza sauti "Chini!" na kumvuta mkono mpaka akaanguka juu ya sufuria ya sombe. Mti ukapita. Kiti ndicho kilichokwenda ziwani.

Walishuka kwenye kisiwa cha tatu kula. Hakuna aliyeimba. Anaclet alikaa peke yake kando ya mashua, akijiona tayari na sare yake, akifungua geti na kufunga geti mpaka uzeeni. Maman Emérence, kichwa kimefungwa kitenge cha kuazima, alitoa simu yake. Simu ikaleta ujumbe wa kumkaribisha Rwanda. Akasonya, akapanda juu ya jiwe kutafuta mtandao wa kwetu, na kutoka huko sauti yake ikawafikia wote.

"Allô, Didier? Ile kazi ya sentinelle, upatie muntu mwingine. Hapana, Anaclet haiko mugonjwa. Hatari ikifika anafunga macho, sasa ku geti atalinda nini? Umuache huku ku mayi ya ziwa. Huku niko mimi ya kumuonyesha njia."